Mtu Huru wa Ghorofa ya Kumi na Nne

Jina lake silitaji. Mwenyewe asingependa, angesema ni mgongano wa maslahi. Pale saluni tulimwita Msimamizi, na aliitika kwa raha. Kichwa chake nilikinyoa miaka mingi, kila Jumanne ya pili, katikati ya mji wa Durban, mlango wa tatu kutoka kwenye robot, yaani taa za barabarani, kwenye chumba kimoja ninachogawana na wauza simu. Ndiyo, mimi ni mwanamke na ni kinyozi. Asiyetaka aende kwingine, vinyozi mji huu wamejaa.

Alikotoka sijui. Sisi Wakongomani na Warundi wa hapa, mtu akiingia mlangoni swali la kwanza ni hilo: papa, wewe ni wa wapi? Bukavu? Uvira? Baba yako nani? Msimamizi alikuwa anafunga macho na kusema, "Mimi ni mtu huru." Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kilichonyunyiziwa Kifaransa, kwa hiyo kila mmoja alimdhania mtu wa kwao na kila mmoja alikosea. Tukachoka kuuliza.

Kazi yake nieleze taratibu, maana hata mimi ilinichukua mwaka kuielewa. Alikuwa mwalimu wa uhasibu chuoni, akastaafu. Sasa iko kampuni moja kubwa ya mahesabu hapa mjini, ya wale wanaokagua vitabu vya makampuni mengine na kutia sahihi kwamba mambo yako sawa. Siku moja ikaonekana wametia sahihi mahali ambapo mambo hayakuwa sawa hata kidogo. Magazeti yakapiga kelele. Kampuni ikatafuta watu watatu wa nje, wasioajiriwa nayo na wasio na hisa ndani yake, ikawaita baraza, kazi yao kuiangalia kwa niaba ya wananchi. Wakachukua jaji mstaafu, askofu mstaafu, na yeye. Jaji alikuwa wa heshima, askofu wa sala, na Msimamizi ndiye wa hesabu, kwa sababu wale wawili hata risiti ya duka iliwatoa jasho.

"Wakubwa wa kampuni ni watendaji," alinieleza, shuka ikiwa shingoni. "Wanatenda. Mimi siyo mtendaji. Mimi nauliza kama wametenda."

"Na kama hawakutenda?"

"Nauliza tena."

Nacheka leo, lakini kwa muda mrefu sikucheka. Binti yangu, Divine, alikuwa ghorofa ya tano ya jengo lilelile. Alikuwa mwanafunzi wa uhasibu kwenye mkataba wa miaka mitatu, wenyewe wanauita articles. Usipoumaliza huwi mhasibu, hata uwe na digrii za kujaza ukuta. Na sisi wenye karatasi za ukimbizi, mkataba kama ule haupatikani mara mbili. Niliposikia kwamba mteja wangu wa Jumanne anakaa juu ya wakubwa wa binti yangu, nilimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka wateja wakageuka. Nilidhani tumepata mtu.

Baraza lilikutana mara nne kwa mwaka, na siku ya mkutano utamjua tu: chupa ya chai kwapani. Chai ya kampuni hakuinywa. Biskuti zao hakuzigusa. "Ukila biskuti ya mtu, Mama Divine, swali lako linakuwa laini." Basi alibeba chai yake, sukari yake, na kijiko chake kwenye leso. Jaji na askofu walikula biskuti zao, kisha wakamalizia za kwake, na mwisho wa mwaka kampuni ikaandika kwenye taarifa yake kwamba baraza limefanya kazi kwa uhuru mkubwa.

Halafu lile daftari! Alikuwa na daftari jeusi, dogo, la mfuko wa shati, aliloliita daftari la maslahi. Chochote alichopewa na mtu yeyote kiliandikwa mle, ili siku moja asije akaambiwa amenunuliwa. Asubuhi moja ya baridi nilimpa beignet, andazi letu la mviringo, nilikuwa nimekaanga za kutosha. Akala, akapangusa vidole, akatoa daftari akaandika: Mama Divine, beignet moja, ya moto.

"Papa, njo nini hii? Beignet yangu imekuwa rushwa?"

"Siyo rushwa. Ni maslahi madogo."

"Basi rudisha."

Alifikiri kwa bidii kabisa, kisha akaongeza chini yake: imeshaliwa.

Ila mtu hakosi udhaifu, na wa kwake ulikuwa maegesho. Kampuni ilimpa sehemu ya kuegesha gari chini ya jengo, jina lake limepakwa rangi nyeupe ukutani. Msimamizi hakuwa na gari. Alikuwa anakaa flati Morningside na anashuka mjini kwa taxi, amebanwa na watu na mafurushi yao, mia kwa mia kama sisi. Lakini Jumapili moja baada ya ibada alinipeleka nikaone. Mlinzi akatufungulia. Msimamizi akaingia katikati ya ile mistari miwili, akasimama, mikono nyuma, kushoto kwake gari kubwa jeusi na kulia gari kubwa jeusi.

"Inatosha hata basi dogo," akasema.

Nikamuuliza kama maegesho nayo yako kwenye daftari. Akaanza kuongea habari za mvua, na kwenye taxi akaendelea nazo.

Na ile kadi ya lifti. Walimpa kadi inayofungua ghorofa ya kumi na nne peke yake. Siku moja alibonyeza tano, ili aone vijana wanavyofanya kazi. Lifti ikampandisha moja kwa moja juu kama vile hakubonyeza kitu. Alinisimulia jambo hili kwa fahari. "Wananilinda, Mama Divine. Nikiwaona wafanyakazi, naweza kuwapenda." Miaka yote ya usimamizi wake hakuwahi kuona meza moja ambayo kazi inafanyiwa. Alichokijua kilikuja kwenye jalada nene, limefungwa utepe, na waliolifunga ndio haohao aliotakiwa kuwachunguza. Alilisoma jalada lote, kila ukurasa, na kalamu nyekundu mkononi. Hilo lazima niliseme. Jaji alisoma jalada lake kwa kuliegemea.

Kwenye misiba alitukera sana. Kulikuwa na msiba kule Cato Manor, wanaume wanashusha viti na kufunga turubai, jua linachoma. Msimamizi akasimama pembeni na suti yake. "Viti vya mbele ni vingapi? Nani ameamua viwe vya mbele?" Kijana mmoja Mrundi akamwambia, "Mzee, kamata kiti basi." Akajibu, "Jicho halibebi mzigo." Neno hilo likaenda mji mzima. Mpaka leo, mtu akikwepa kubeba gunia, wenzake watamwambia: eh, jicho halibebi mzigo. Lakini siku ileile, watu wamekula wameshiba, ni yeye aliyeuliza kama mjane ametengewa chakula. Hakuna aliyekuwa amekumbuka. Akauliza mara tatu, kwa watu watatu, mpaka sahani ikapatikana na mama wa watu akala.

Kwa hiyo hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemmaliza kwa sentensi mbili, nisingekuwa nahangaika hivi. Divine alipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, kabla baraza halijaundwa, Msimamizi alikuwa akija kunyolewa anabaki saa nzima kumfundisha hesabu kwenye meza ya vitana. "Mama yako amenunua mashine mpya. Mashine imeingia. Nini kimetoka?" Divine akikosea, hakumkaripia, alimwangalia tu mpaka mtoto mwenyewe anacheka na kurudia. Mtoto wangu aliipenda kazi hii kwa sababu yake. Mimi nilitaka awe muuguzi.

Basi, mwaka wa pili wa mkataba ulipokuwa unakwisha, Divine alirudi nyumbani uso umemvimba kwa kulia. Nitakueleza alivyonieleza. Walikuwa wamekagua kampuni moja ya matairi. Kazi ya ukaguzi ikiisha, faili hufungwa, na baada ya hapo hairuhusiwi kuongeza hata karatasi moja. Sasa wakaguzi wa serikali walikuwa wanakuja kuliangalia faili lile, na meneja akagundua kwamba karatasi ya kuhesabu matairi ghalani haimo. Haimo kwa sababu hakuna aliyekwenda kuhesabu. Meneja akamletea Divine karatasi mpya, namba zimeshajazwa, tarehe ya mwaka uliopita. Akamwambia: tia sahihi hapa kwamba ulihesabu.

"Nikasema siwezi, mama. Sijawahi hata kuliona hilo ghala."

Wiki hiyohiyo akapewa barua: ulipangiwa kwenda kuhesabu matairi, hukwenda, umezembea, mkataba wako utajadiliwa. Yaani kosa lao wakalivua wakamvika mtoto wangu. Nililia, nikasali, kisha nikakumbuka: Jumanne!

Nilimngoja kwa hamu. Alipokaa tu kwenye kiti, hata shuka sijafunga, nikaanza. "Papa, mutoto wangu iko na shida. Divine yako, ule ulimufundisha." Nikamwaga yote, meneja, karatasi, tarehe, barua. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipofika katikati aliinua mkono kama mtu anayesimamisha taxi, lakini nilikuwa nimeshika kasi, sikusimama. Nilipomaliza alitoa lile daftari, akaandika muda mrefu.

"Utamsaidia?"

"Nimesikia," akasema, na sauti yake haikunipendeza.

Baada ya wiki mbili akarudi. Mkutano ulikuwa umeshafanyika. Nilianza kumnyoa upande wa kulia, naogopa kuuliza. Akaanza mwenyewe.

"Nilijitoa."

"Ulijitoa wapi?"

"Kwenye chumba. Ajenda ilipofika kwenye jambo la Divine nilisimama, nikatangaza kwamba mama yake ni kinyozi wangu na yeye nimemfundisha, nikatoka nje. Ndiyo procédure, utaratibu. Jaji alinipongeza. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano."

"Na nani alibaki kuuliza?"

"Jaji na askofu."

"Jaji anajua faili la ukaguzi linafungwaje?"

"Hapana."

"Askofu?"

"Askofu aliomba jambo liishe kwa amani."

Likaisha kwa amani. Baraza lilipokea maelezo ya wakubwa, likaona hayana dosari, na ghorofa ya tano wakapata ruhusa ya kumfukuza mtoto wangu, tena ikiwa na muhuri wa watu huru. Na yeye yuko koridoni, mlango wa kioo, anaona midomo yao inavyotembea.

Ningenyamaza labda, lakini Msimamizi hakujua kuishia mahali pazuri. Akasema, "Kinachonisikitisha ni kwamba nilikuwa nimeshaliona. Kwenye jalada kulikuwa na orodha ya saa za kazi. Ghala la matairi, saa za kuhesabu: sifuri. Hakuna aliyepangwa kwenda, si Divine, si mwingine. Swali nilikuwa nimeliandika pembeni kwa wino mwekundu siku tatu kabla hujaniambia. Ungeninyamazia, Mama Divine, ningeliuliza."

Nikazima mashine.

"Unasema ni mimi? Mimi ndiye nimemuharibia mutoto?"

"Sisemi hivyo. Nasema ulipofungua kinywa, nikawa na upande."

"Ulikuwa na upande tangu siku ya vitana, papa! Swali ni lako, wino ni wako, macho ni yako! Mimi nimekuongezea nini? Uchungu tu!"

"Procédure inasema..."

"Toka."

"Hujamaliza upande wa..."

"Toka! Ndiyo hivyo, nenda ukajisimamie!"

Akatoka, upande mmoja umenyolewa, mwingine msitu, akavuka barabara robot ikiwa nyekundu, yeye ambaye hakuwahi kuvuka nyekundu. Wauza simu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimchukia, nasema wazi. Ningekutana na mwizi nisingemchukia hivyo, kwa sababu mwizi hakuwahi kumfundisha mtoto wangu kitu.

Divine akaanza kuuza vifuniko vya simu kwenye kaunta ya pembeni yangu. Akawa anapanga vifuniko kwa rangi, kimya, mtoto aliyekuwa anaimba. Baadaye akapata ofisi ndogo ya mahesabu kule Umbilo, wanaume wawili na mashine moja ya kunakili, wakasema watamchukua amalizie mwaka wa tatu, mradi chama cha wahasibu kikubali miaka yake miwili ya kwanza. Na chama kikasema: sawa, lakini ulifukuzwa kwa uzembe, tuletee fomu iliyojazwa na mtu wa kule anayeijua kazi yako. Mtu wa kule! Divine aliwaandikia wenzake wa ghorofa ya tano, mmoja mmoja. Wengine wakasema pole, wengine hawakujibu. Meneja alipandishwa cheo. Tarehe ya mwisho ya fomu ikawa inasogea, na ikipita, miaka miwili ile imekwenda na maji, aanze upya au aache.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Asubuhi, saluni haina mtu, mlango ukafunguka na Msimamizi akaingia. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Amekonda. Kichwa kilikuwa kimenyolewa na mtu asiyejua kazi, ngazi ngazi mpaka kisogoni. Kwapani alikuwa na kitabu kinachong'aa.

"Mama Divine, mchana mwema," akasema, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikajua anaogopa.

"Kiti ni kile," nikasema. Sikumwambia akae.

Hakukaa. Alikwenda kwenye kaunta ya simu, akamwekea Divine kile kitabu mbele. Ilikuwa taarifa ya mwaka ya kampuni. "Muda wangu kwenye baraza umekwisha mwezi uliopita. Nilitaka ukione mwenyewe. Jambo lako halikupotea bure. Iko sera mpya. Mfanyakazi akikataa kutia sahihi karatasi ya uongo, haruhusiwi kuadhibiwa. Kurasa sita. Mimi ndiye niliyeiandika rasimu."

Divine alifungua taratibu. Kulikuwa na picha ya baraza, wote watatu wanatabasamu, askofu katikati. Akafungua kurasa sita, akazisoma zote.

"Mimi niko ukurasa gani, papa?"

"Hukutajwa. Ni kwa ajili ya kukulinda."

"Kunilinda na nani?"

Msimamizi akanyoosha kona ya ukurasa kwa kidole.

"Mimi nauza vifuniko vya simu," Divine akasema. Hakupaza sauti. "Nani atanifuata huku?"

Mzee wa watu akavua miwani. Nilidhani atasema procédure, na nilikuwa tayari na ufagio. Akasema, "Mlango ule wa kioo haukufunga vizuri. Nilisikia kila neno. Nilisikia mkuu wao akisema ulipangiwa ghala, na jibu lilikuwa mkononi mwangu, kwenye jalada, ukurasa naujua. Nilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni. Nikaendelea kusimama." Akaisugua miwani kwa ncha ya shati. "Nilijisifu kwa mama yako. Nisamehe, mwanangu."

Divine hakusema nimekusamehe. Alivuta droo, akatoa fomu, akaisukuma kwenye kioo cha kaunta na kalamu juu yake.

"Zimebaki siku nne," akasema.

Alisoma fomu kuanzia juu mpaka chini, hata maandishi madogo ya mwisho ambayo hayasomwi na mtu. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio, nahesabu pumzi zake. Nilijua anachokipima: kwamba atakayeandika hapa ataitwa, ataulizwa ameyajuaje, na wale jamaa wa ghorofa ya kumi na nne hawatampigia tena simu, wala picha yake haitaonekana tena kwenye karatasi inayong'aa. Kisha akavuta kiti cha mteja, akakaa, akaanza kuandika.

Aliandika jina lake lote. Kwenye cheo akaandika mjumbe wa zamani wa baraza. Pale panapouliza unaijuaje kazi ya mwombaji akajaza nafasi yote, akaomba karatasi ya ziada: orodha ya saa, ile sifuri, tarehe ya kufungwa kwa faili, maneno ya mkuu wao, na kwamba Divine ndiye mtu pekee kwenye jambo lile aliyefanya kazi ya mkaguzi. Aliandika kwa haraka, bila kufuta.

Ila chini kulikuwa na mstari mmoja: uhusiano wako na mwombaji. Hapo kalamu ikasimama. Wamekupa mifano pembeni, mwajiri, mwalimu, mfanyakazi mwenza, jamaa. Akaiangalia mifano ile moja moja. Taxi zilipiga honi nje, mteja akachungulia, nikamwashiria asubiri. Msimamizi akainama na kuandika sentensi moja, akatia sahihi, akampa Divine fomu bila kumtazama usoni.

Divine akaisoma, akanipa nami nikasoma. Alikuwa ameandika: Mimi ndiye niliyetoka nje.

Tulipeleka fomu siku hiyohiyo, kwa miguu, mimi na Divine. Baada ya miezi miwili jibu likaja, miaka yote miwili imekubaliwa, na nakala ya fomu imeambatanishwa. Kando ya mstari ule ofisa fulani, sijui nani, alikuwa ameandika kwa mkono: uhusiano huu haumo kwenye orodha yetu, lakini tumeupokea.